Muulize Shangazi wa Besiboli: Pujols au Fielder, nani alistahili mkataba mrefu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na kaka yangu tuna mchezo wetu. Tunajifanya mameneja wakuu wa timu za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, tunachukua usajili wa zamani na kuuamua upya. Safari hii tumekwama kwenye majira ya baridi ya 2011. Albert Pujols na Prince Fielder, wote walinzi wa besi ya kwanza, wote wapiga homrani (mapigo yanayovuka ukuta wa uwanja), wakawa wachezaji huru kwa wakati mmoja. Pujols akaenda Los Angeles Angels kwa miaka 10 na dola milioni 240. Fielder akaenda Detroit Tigers kwa miaka 9 na dola milioni 214. Kaka anasema Pujols, kwa sababu alimaliza na homrani 703 na mwenzake aliacha mpira akiwa na miaka 32 tu. Mimi nasema Fielder, lakini kila nikijaribu kueleza sababu, ananicheka. Tuamulie. – Mdogo Mtu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako anakushinda kwa sababu anajibu akiwa tayari anajua mwisho wa hadithi. Mimi kabla ya kustaafu nilikuwa mkadiriaji wa hatari katika kampuni ya bima, na ugonjwa wa kazi ile haujanitoka. Nikiona mkataba wa miaka 10 siulizi uliishaje, nauliza aliyeutia saini alikuwa ameona nini siku ile. Nyumba ikiungua, si lazima aliyeipangia ada alikosea hesabu.

Basi turudi Desemba 2011, na yote yaliyofuata tujifanye hatuyajui.

Msimu wa 2011 Pujols alipiga kwa wastani wa .299, yaani karibu mara tatu kwa kila zamu kumi pigo lake lilimfikisha kwenye besi, na homrani 37. Fielder alipiga kwa wastani wa .299 na homrani 38. Ukiishia hapo, ni mapacha. Sasa shuka kwenye safu ambayo watu huiruka, safu ya kutembezwa, yaani pale mrushaji anapokosa eneo mara nne na mpigaji akaenda besi ya kwanza bila jasho. Fielder alitembezwa mara 107. Pujols mara 61.

Sitini na moja! Mtu yule yule aliyetembezwa mara 115 mwaka 2009 na mara 103 mwaka 2010. Hapo kalamu yangu ingesimama. Najua atakachosema kaka yako: mwaka ule nyuma ya Pujols walikuwapo Matt Holliday na Lance Berkman, na Berkman peke yake alipiga homrani 31, kwa hiyo warushaji hawakuwa na faida ya kumkwepa Pujols ili wakutane na hao. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Kutembezwa kwa makusudi kulishuka kutoka mara 44 mwaka 2009 hadi mara 15 mwaka 2011, na hilo Berkman anaweza kulieleza. Lakini ukizitoa hizo za makusudi, 2009 inabaki 71, 2010 inabaki 65, na 2011 inabaki 46. Hizo Berkman hahusiki nazo. Hapo ni Pujols mwenyewe, ameanza kuifuata mipira ambayo zamani aliiacha ipite. Na wastani wake ulikuwa ukishuka mwaka hata mwaka: .327, .312, .299. Homrani vivyo hivyo: 47, 42, 37. Kila namba ikitazamwa peke yake ni ya mfalme. Zikipangwa pamoja, mfalme anashuka.

Tatizo ni kwamba Oktoba ile alipiga homrani tatu katika mchezo mmoja wa World Series, fainali ya ligi nzima, kule Texas, na St. Louis Cardinals wakabeba ubingwa. Watu wakaenda mezani na picha ya usiku ule kichwani. Mmiliki wa Angels, Arte Moreno, alikuwa na fedha mpya za televisheni na hamu ya jina kubwa. Jina alilipata.

Tazama walichouza Cardinals na walichonunua Angels. Cardinals walikuwa wamempa Pujols milioni 100 kwa miaka 7, kuanzia 2004 hadi 2010. Ndani ya miaka hiyo alichaguliwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa (nusu moja ya Ligi Kuu; nusu nyingine ni Ligi ya Marekani) mara tatu: 2005, 2008 na 2009. Walinunua umri wa miaka 24 hadi 30. Angels wakalipa zaidi ya mara mbili ya fedha hizo kununua umri wa miaka 32 hadi 41. Mimi sihitaji kujua kilichotokea baadaye ili nikatae biashara hiyo.

Na mkataba wenyewe ulipangwa kinyume. Mwaka wa kwanza milioni 12, wa pili 16, wa tatu 23, kisha ukapanda milioni moja kila mwaka hadi 30 mwaka 2021. Yaani kadiri mtu anavyozidi kuchoka ndivyo mshahara unavyozidi kunona. Mhasibu anapenda mpangilio huo kwa sababu unampa nafasi leo. Anayeupokea ni mhasibu atakayekuja baada yake.

Sasa hizo 703 za kaka yako. Pujols aliondoka St. Louis akiwa na 445. Akiwa Angels alipiga 222 kwa wastani wa .256, timu ikaingia kwenye mtoano mara moja tu, 2014, na hapo ikafungwa mechi zote tatu na Kansas City Royals. Mei 2021 wakamwacha kabla mkataba haujaisha. Los Angeles Dodgers wakamwokota, akawapigia 12. Halafu 2022 akarudi Cardinals akiwa mzee wa miaka 42, akapiga 24, na ile ya 700 akaifikisha. Furaha yote ile ya mwishoni, mabango na machozi, ilikuwa ya St. Louis. Angels, waliolipa milioni 240, waliiona kwenye televisheni kama sisi.

Jambo jingine ambalo kaka yako hatalitaja: kwa sheria za wakati ule, Pujols alipoondoka, Cardinals walipewa nafasi ya Angels ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza mwaka 2012. Wakamchukua mrushaji Michael Wacha. Mwaka uliofuata Wacha akawa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Taifa na Cardinals wakaingia World Series. Kumkosa mtu nako kuna malipo yake.

Twende kwa Fielder. Desemba 2011 alikuwa na miaka 27. Msimu ule alicheza michezo yote 162, na miaka miwili nyuma vilevile, na katikati yake alikosa mmoja tu. Alikuwa ametembezwa zaidi ya mara 100 kwa misimu mitatu mfululizo. Mwaka 2007 alipiga homrani 50 akiwa na miaka 23, na hakuna aliyewahi kufika hapo akiwa mdogo hivyo. Ukiuliza macho na umri, ameshinda.

Hofu ilikuwa mwili. Alikuwa mfupi kwa mpiga homrani, na uzito wake ulizidi kilo 120. Wote tuliokaa kwenye kazi ya hatari tulikuwa tukimkumbuka Mo Vaughn, mlinzi mwingine mzito wa besi ya kwanza, ambaye Angels hao hao walimpa milioni 80 kwa miaka 6 mwishoni mwa 1998. Usiku wa kwanza wa msimu wa 1999 alikimbilia mpira uliopotea juu, akatumbukia kwenye benchi la wachezaji, kifundo kikateguka. Hakurudi kuwa yule yule. Kwa hiyo magoti na vifundo vya Fielder ndivyo tulivyovitazama.

Kumbe hatari ilikuwa shingoni. Mwaka 2014 alipasuliwa kwa ajili ya diski ya uti wa mgongo, akacheza michezo 42 tu. Mwaka 2015 akarudi vizuri sana, wastani .305. Mwaka 2016 akapasuliwa tena, na Agosti akakaa mbele ya waandishi akiwa na kola shingoni na wanawe kando, akisema madaktari wamemkataza. Homrani zake zilikuwa 319, sawasawa na za baba yake, Cecil Fielder. Mimi siku ile nililia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Lakini ona Detroit walivyotoka. Walikuwa wamemsajili Januari 2012 baada ya Victor Martinez kuumia goti. Misimu miwili, michezo 324, hakukosa hata mmoja. Mwaka wa kwanza alipiga .313 na homrani 30, timu ikaingia World Series. Miguel Cabrera alihamishiwa besi ya tatu ili kumpisha, na mwaka huo huo Cabrera akatwaa mataji matatu ya upigaji kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967. Novemba 2013 wakambadilisha Fielder kwa Ian Kinsler wa Texas Rangers, na kuongeza milioni 30 juu. Piga hesabu: milioni 46 za mishahara ya misimu miwili na hizo 30, jumla 76. Milioni nyingine 138 zikawa mzigo wa Texas. Texas nao walikuwa na bima, na bima ikabeba sehemu ya mshahara. Wenzangu waliosaini hati ile nawaonea huruma hadi leo.

Uamuzi: umeshinda wewe, mwanangu, ila si kwa mkataba wako. Mimi ningempa Fielder miaka 6, nisingempa 9, na ningempa nikiwa timu ya Ligi ya Marekani tu. Wakati ule Ligi ya Taifa haikuwa na mpigaji mteule, yule anayepiga bila kukaa uwanjani. Sheria hiyo ilifika kwao kwa kudumu mwaka 2022. Timu ya Ligi ya Taifa ikimsaini mlinzi mzito wa besi ya kwanza hadi miaka 36, haikuwa na pa kumficha. Wakala wake, Scott Boras, angenicheka na kupiga simu Detroit. Sawa, apige.

SWALI: Shangazi, dalili gani zinaonyesha kwamba mpiga homrani ataporomoka? Nauliza kwa ajili ya Chris Davis wetu wa Baltimore. Na kwa nini timu iliendelea kumlipa? – Shabiki wa Orioles Asiyelala

JIBU: Nianze na la pili, ni jepesi. Mkataba wa ligi hii una dhamana. Ukimwacha mchezaji kwa sababu hapigi tena, unamlipa vilevile akiwa nyumbani. Davis alistaafu Agosti 2021, lakini milioni 42 kati ya 161 alizosaini Januari 2016 ziliahirishwa, na Baltimore wataendelea kumlipa hadi 2037.

Dalili, ndugu yangu, ilikuwapo wazi. Watu husema alikuwa akiondolewa kwa straiki, yaani kwa kukosa mara tatu, mara nyingi mno, mara 208 mwaka 2015, mwaka huo huo alipopiga homrani 47. Straiki peke yake haitoshi. Mwaka 2017 Aaron Judge wa New York Yankees aliondolewa kwa straiki mara 208 pia, namba ile ile! Tofauti ni kwamba Judge alitembezwa mara 127 na Davis mara 84. Na Judge alikuwa na miaka 25, Davis 29. Judge alikuwa akikosa mipira akiwa anaichagua. Davis alikuwa akikosa tu.

Dalili kubwa zaidi ilikuwa 2014. Katikati ya homrani 53 za 2013 na 47 za 2015 kuna mwaka wa .196. Walioandika mkataba waliuita ajali. Mpigaji akikuonyesha mara moja jinsi anavyoweza kushuka, andika namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza. Mwaka 2018 akapiga .168, na kuanzia Septemba hadi Aprili ya 2019 akaenda mara 54 kwenye gongo bila kupata hata pigo moja. Ulinzi nao ulimmaliza: alikuwa wa mkono wa kushoto anayevuta mpira upande mmoja, timu zikawajaza walinzi upande huo. Ligi ilizuia mpangilio huo mwaka 2023. Yeye alikuwa amekwisha kwenda zake.

SWALI: Shangazi, nasoma safu yako kila toleo na naona una chuki na wapigaji wenye umri. David Ortiz je? Nelson Cruz je? Huyo Judge unayemsifu je, si alisaini akiwa na miaka 30? – Mzee Mwenzako

JIBU: Shikamoo kwanza, kaka, kama kweli umenizidi. Sina chuki na wazee. Nina chuki na miaka mingi iliyofungwa pamoja.

Ortiz ni shahidi wangu, si wako. Mwaka 2016, akiwa na miaka 40, alipiga .315, homrani 38, akaleta mikimbio 127, kisha akaaga. Boston Red Sox miaka ile ya mwisho walimpa mikataba mifupi, na kuiongeza alipoendelea kupiga. Cruz naye alisaini na Seattle Mariners Desemba 2014 akiwa na miaka 34: miaka minne, milioni 57. Akawapa homrani 44, 43, 39 na 37. Huo kwangu ni miongoni mwa mikataba mizuri kuliko yote ya mpiga homrani katika miaka ile, na hakuna anayeuzungumzia kwa sababu namba ya dola haikushtua mtu.

Judge ni kesi ngumu, nakiri. Aprili 2022 alikataa milioni 213.5 kwa miaka 7. Msimu huo akapiga homrani 62, akaivunja rekodi ya Ligi ya Marekani ya Roger Maris iliyosimama tangu 1961, na Desemba akapata miaka 9 na milioni 360. Amekuwa Mchezaji Bora wa Ligi mwaka 2022, 2024 na 2025. Ningemsaini? Ningemsaini, kwa roho nzito. Sababu yangu ni mahali anapocheza. Judge hulinda eneo la nyuma la uwanja, mbali na besi, hata katikati yake amewahi kupangwa. Miguu ikichoka unaweza kumsogeza pembeni, kisha besi ya kwanza, kisha awe mpigaji mteule. Ana ngazi tatu za kushuka. Pujols na Fielder walisaini wakiwa tayari ngazi ya pili kutoka chini. Hilo halionekani kwenye idadi ya homrani, na ndilo linaloamua mwaka wa saba utakuwaje.

SWALI: Juan Soto au Vladimir Guerrero Jr.? Jibu fupi tafadhali. – Mwenye Haraka

JIBU: Soto. Wote walisaini wakiwa na miaka 26. Soto alichukua miaka 15 na milioni 765 kutoka New York Mets, Desemba 2024, baada ya kuikataa 440 ya Washington mwaka 2022. Guerrero alichukua miaka 14 na milioni 500 kutoka Toronto Blue Jays, Aprili 2025. Soto ulinzi wake wa eneo la nyuma haunifurahishi, lakini alitembezwa mara 145 mwaka 2021, 135 mwaka 2022, 132 mwaka 2023 na 129 mwaka 2024. Macho ya namna hiyo huchelewa kuzeeka kuliko mikono.

Guerrero ni mpigaji mtamu kumtazama, na Oktoba ya 2025 aliibeba Toronto hadi mchezo wa saba wa World Series. Ila tayari yuko besi ya kwanza, na mkataba unamfikisha miaka 40. Baba yake, aliyeko kwenye Ukumbi wa Heshima, alicheza msimu wake wa mwisho wa ligi kuu akiwa na miaka 36. Mimi ningesaini miaka 10, na ile minne ya mwisho ningemwacha wakala anune.